Kufuga Matumbawe Laini Nyumbani Tanga: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Anayeishi Raskazone, Chumbageni au Sahare ana bahari karibu na mlango wake, na ukaribu huo ndio unaomponza mfugaji mpya wa matumbawe. Huona maji ya bure, mawe ya bure na matumbawe yenyewe yakichomoza maji yanapokupwa wakati wa bamvua, akadhani kazi iliyobaki ni kuhamisha kipande cha mwamba kutoka pwani hadi sebuleni. Bahari ina maji mengi kiasi kwamba joto na chumvi yake hubadilika polepole, ilhali tangi la lita 180 linaweza kupanda nyuzi 3 kati ya asubuhi na alasiri ya siku moja ya kaskazi. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua iliyomo humu inalenga jambo moja, nalo ni kuyazuia maji ya tangi yasibadilike ghafla. Vifaa vya bei kubwa husaidia, lakini matumbawe laini mengi hufa kwa haraka ya mwenye tangi kuliko kwa uchache wa vifaa vyake.

Matumbawe laini ndiyo yanayomfaa anayeanza kwa kuwa hayajengi mifupa mikubwa ya chokaa kama ndugu zao wagumu, hivyo hayahitaji kuongezewa kalisi kila siku. Ndani ya nyama yake wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani wanaotengeneza chakula kutokana na mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Joto likizidi, tumbawe huwatoa viumbe hao, likapauka, na lisipowarudisha mapema hufa kwa njaa.

Sheria kabla ya tangi

Matumbawe yaliyo baharini si mali ya anayeyaona. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994 ndizo zinazosimamia viumbe hawa, na tangu mwaka 2009 sehemu kubwa ya pwani ya Tanga kuelekea Pangani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kung'oa tumbawe au kubeba jiwe lenye uhai bila kibali ni kosa, hata kama jiwe lenyewe limelala juu ya mchanga na hakuna anayelitazama. Miamba yetu imekwisha kupigwa vya kutosha kwa baruti za wavuvi, na joto la mwaka 1998 liliyapausha matumbawe ya upande wote wa magharibi wa Bahari ya Hindi.

Kinachofaa kununuliwa ni vipandikizi vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokua ndani ya matangi. Vipandikizi hivyo vimekwisha kuzoea taa na maji ya nyumbani, na huja na wadudu wachache kuliko tumbawe lililotolewa mwambani. Anayeviagiza kutoka nje ya nchi apite kwanza ofisi ya uvuvi kuulizia kibali cha kuingiza viumbe hai wa majini. Mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya matumbawe magumu, na matumbawe laini mengi hayamo katika orodha zake, lakini hilo halimwondolei mtu wajibu wa vibali vya nchini. Tena kipandikizi cha tumbawe laini huweza kuwasili kikiwa kimegandia kipande cha tumbawe gumu, nacho kikamletea mwenyewe mashaka mpakani.

Tangi na mahali pa kuliweka

Tangi dogo huvutia kwa bei, lakini kadiri maji yanavyopungua ndivyo yanavyobadilika upesi, kwa hiyo anayeanza asishuke chini ya lita 100. Kipimo cha sentimita 90 kwa 45 kwa 45, ambacho hubeba takriban lita 180, ni cha wastani mzuri. Fundi yeyote mzuri wa vioo na alumini anaweza kulijenga kwa kioo cha milimita 10, mradi aelezwe mapema kwamba silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo, nayo huua viumbe wa majini. Baada ya kugundishwa, tangi liachwe wiki nzima likauke, kisha lijazwe maji ya bomba na kukaa siku kadhaa uani ili kubaini kama linavuja kabla halijaingizwa ndani.

Likijaa maji na mawe, tangi la kipimo hicho huzidi kilo 200, hivyo meza yake iwe ya mbao ngumu au chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, isimame juu ya sakafu iliyo sawa, na chini ya tangi pawekwe godoro jembamba la povu. Lisiwekwe dirishani. Jua la moja kwa moja hupandisha joto na kuotesha mwani unaofunika matumbawe. Chumba kinachopitiwa na upepo wa baharini, chenye kivuli mchana kutwa, ni bora kuliko sebule yenye bati lisilo na dari.

Maji ya chumvi na maji ya kujazia

Ziko njia mbili za kupata maji ya chumvi. Ya kwanza ni kuchota baharini, na hapa mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Maji ya kando ya bandari na ya ndani ya ghuba hayafai kwa sababu ya mafuta na maji machafu ya mji, na wakati wa masika Mto Zigi huyatia tope na kuyapunguzia chumvi maji ya karibu na pwani. Mwenye mashua anayeweza kutoka nje ya visiwa, maji yakiwa yamejaa na mvua haijanyesha kwa siku nyingi, atapata maji mazuri. Ayabebe katika madumu mapya au yaliyowahi kubeba maji ya kunywa tu, kwani dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halisafishiki hata likioshwa mara ngapi.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa asiye na mashua, ni kuchanganya chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe na maji safi. Lita 20 huhitaji kati ya gramu 700 na 760, kutegemea maelekezo ya paketi. Chumvi ya mezani haifai, na wala haifai ile ya mashamba ya chumvi ya pwani, ingawa asili yake ni bahari ileile: chumvi ya kawaida inapoganda shambani, sehemu kubwa ya magnesi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa, kwa hiyo kinachoingia gunia si bahari iliyokaushwa, ni sehemu yake tu. Mchanganyiko uzungushwe kwa pampu ndogo usiku mzima, kisha upimwe. Kipimo kinachotakiwa ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026. Kifaa cha kutazamia kwa jicho, ambacho hudondoshewa tone moja la maji juu ya kioo chake, hupotosha mara chache kuliko vile vya mshale vya bei nafuu.

Maji safi ya kuchanganyia na ya kujazia ndiyo yanayosumbua wengi. Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani yakatibiwa kwa klorini. Hayana neno kwa mpishi, lakini tumbawe halivumilii klorini wala shaba inayoweza kutoka mabombani. Maji ya kisima cha mjini mara nyingi yana nitreti, ya mvua yaliyopita juu ya bati hubeba zinki na vumbi, na yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo watu huyakinga kwenye ndoo wakidhani ni safi kama ya maabara, yamepita juu ya mirija ya shaba. Yanayofaa ni maji yaliyochujwa kwa mashine ya utando, yaani RO, yakamalizikia katika chujio la resini. Baadhi ya viwanda vya maji ya kunywa huuza maji ya RO kabla hayajarudishiwa madini, nayo yanafaa iwapo kipimo cha madini kitasoma chini ya miligramu 5 kwa lita.

Maji yanapokauka, chumvi hubaki tangini. Kwa hiyo yanayojaziwa kila siku ni maji safi yasiyo na chumvi. Chora mstari mdogo kwa kalamu isiyofutika nje ya kioo, pale maji yanapoishia siku chumvi iliposoma sawasawa, na kila asubuhi uyarudishe maji hadi mstarini. Ukichelewa siku tano kisha ukamimina ndoo nzima kwa mkupuo, matumbawe yatajifunga yote kwa pamoja.

Joto la kaskazi na umeme unaokatika

Matumbawe laini hustawi kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Miezi ya kusi haina shida kubwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Tanga inapofika nyuzi 32, tangi lisilosaidiwa hupita 30 kwa urahisi, na likikaa huko siku kadhaa mfululizo kupauka huanza. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa kuyakausha, lakini unyevu mwingi wa hewa ya pwani huipunguzia nguvu, na siku zenye fukuto huenda isishushe hata nyuzi 2. Feni pia huongeza maji yanayopotea, hivyo kujazia hakuepukiki. Mwenye uwezo anunue kipoza maji au aweke tangi katika chumba chenye kiyoyozi. Chupa ya maji yaliyogandishwa ni ya dharura tu. Iwekwe moja moja, joto lisishuke zaidi ya nyuzi 1 kwa saa.

Umeme ukikatika, kinachohitajika kwanza ni mzunguko wa maji. Taa zinaweza kuzimwa siku mbili na tumbawe lisidhurike, lakini maji ya moto yaliyotulia huishiwa hewa kwa saa chache, samaki wakatangulia kufa na kuyachafua. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokwenda ni kifaa cha kununuliwa siku moja na tangi. Inverta ndogo yenye betri inayoendesha pampu moja ya wati 5 hadi 10 huvuka usiku mzima bila taabu.

Usalama wa mwenye tangi nao una taratibu zake. Kila waya unaotoka tangini upinde kwanza chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayoufuata yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi ipitie swichi inayokata umeme unapovuja. Kabla ya kutia mkono majini, zima.

Kulikomaza tangi

Hapa ndipo subira inapojaribiwa. Weka mawe na maji, washa pampu, na usiweke kiumbe chochote. Mawe ya kununua yaliyo makavu yanatosha. Vipande vya jiwe la matumbawe la kale linalochimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi navyo vinaweza kutumika, kwa kuwa vina vitundu vingi, alimradi havijagusa saruji wala rangi, vikasuguliwa udongo wote na kulowekwa kwa wiki kadhaa huku maji yakibadilishwa.

Bakteria wanaohitajika ili kuigeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa viumbe, hukaa ndani ya vitundu hivyo. Tia bakteria wa chupa na chanzo kidogo cha amonia, kisha pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, itashuka huku nitriti ikipanda, halafu nitriti nayo itashuka na nitreti kujitokeza. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, badilisha robo ya maji, weka konokono wa kula mwani na samaki mmoja au wawili wadogo, halafu subiri mwezi mwingine. Utando wa kahawia utafunika mawe, kisha utaondoka wenyewe. Tumbawe la kwanza liingie baada ya hapo.

Vipimo vinavyotosha kwa matumbawe laini ni pH ya 8.1 hadi 8.4, ugumu wa kabonati wa 8 hadi 10 kwa kipimo cha dKH, kalisi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi ya 1250 hadi 1350, nitreti ya 5 hadi 20, na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1. Wengi hujitahidi kufikisha nitreti sifuri, na hilo ni kosa kwa viumbe hawa, kwani maji yasiyo na kitu huwanyima lishe.

Aina za kuanzia na mahali pake mwambani

Tumbawe uyoga, la jamii ya Discosoma na Rhodactis, ndilo gumu kuuawa kuliko yote. Lipewe sehemu ya chini yenye mwanga hafifu na maji ya polepole. Likipigwa na mkondo mkali hujiachia na kuhama.

Tumbawe ngozi, yaani Sarcophyton lenye umbo la kofia na Sinularia lenye vidole, huishi pia kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Hukaa katikati au juu kidogo, penye mkondo wa wastani unaobadilisha mwelekeo. Tabia yake moja huwatisha wageni: hujifunga, hukunja vitawi vyake vyote, na uso wake hung'aa kwa utando kama wa nta kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Linajivua, kama nyoka anavyoacha gamba. Usilisogeze wala kulitia dawa. Elekeza mkondo kidogo zaidi upande wake, na utando utachanika vipande vipande na kuelea, chini yake vitawi vikiwa vimeanza kuchomoza. Iwapo badala ya utando mkavu utaona sehemu inayolegea, yenye rangi ya udongo na harufu ya kuoza, huo ni ugonjwa, na sehemu hiyo ikatwe siku hiyohiyo.

Matumbawe haya hutoa kemikali za kuwazuia majirani. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya aina na aina, na weka mkaa wa kuchujia majini, ubadilishwe kila baada ya wiki tatu au nne.

Nyota za kijani na Xenia, lile linalofumba na kufumbua vitawi mfululizo, hukua kwa kasi hadi kuwa kero. Yapewe jiwe lake peke yake, lililotengwa na mengine kwa mchanga. Mti wa Kenya, ambao ni Capnella, nao hudondosha matawi yanayoota popote yanapotua.

Zoanthi huvutia kuliko yote kwa rangi, lakini siyapendekezi kwa nyumba yenye watoto wadogo. Baadhi yake, hasa Palythoa, yana palitoksini, sumu iliyotambuliwa mwaka 1971 kutoka kwa kiumbe wa jamii hiyo wa Hawaii, nayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana. Huingia kwa kidonda au jicho, au kwa kuvutwa puani pamoja na mvuke. Jiwe lenye zoanthi kamwe lisichemshwe, lisimwagiwe maji ya moto, wala kusuguliwa likiwa kavu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho kila unapoligusa. Anayehisi ladha ya chuma mdomoni, ganzi, maumivu ya misuli, jicho kuwaka au kifua kubana baada ya kushika matumbawe haya aende hospitali mara moja, kwa wakazi wa Tanga ni Bombo, na amwambie daktari waziwazi kwamba ameshika kiumbe chenye palitoksini, kwa kuwa hakuna dawa maalumu ya kuiondoa na matibabu hutegemea dalili zinavyogunduliwa mapema.

Kuliingiza tumbawe jipya

Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha hamishia tumbawe na maji yake kwenye bakuli, na utiririshe maji ya tangi humo tone kwa tone kwa dakika 30 hadi 60. Mpira wa dripu unaouzwa maduka ya dawa unafanya kazi hii vizuri kuliko mpira uliofungwa fundo, kwa sababu kigurudumu chake hukuwezesha kuhesabu matone mawili au matatu kwa sekunde. Baada ya hapo lichovye katika dawa ya kuchovyea matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ulitikise taratibu, na utazame kinachodondoka: konokono wasio na gamba, minyoo, na mayai yaliyogandia chini ya jiwe. Mayai hayafi kwa dawa, yakwanguliwe kwa wembe. Maji ya mfuko yasiingie tangini.

Taa ya LED ya buluu na nyeupe iwake saa 8 hadi 10 kwa siku. Tumbawe jipya lianzie chini, au taa ipunguzwe hadi nusu, lipandishwe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Lisipofunguka siku ya kwanza, liache.

Matunzo ya wiki

Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji yenye joto na chumvi ileile. Safisha kioo cha mbele, suuza sponji ya chujio ndani ya maji uliyoyatoa, pima chumvi na ugumu wa kabonati, andika daftarini. Chakula cha samaki kinachobaki huyatosha matumbawe haya.

Yakikua kupita nafasi, hukatwa. Tumbawe ngozi hukatwa kwa wembe mpya, nje ya tangi, kwenye chombo chenye maji ya tangi hilohilo. Gundi haishiki nyama yake yenye ute. Kipande kifungwe kwa uzi laini juu ya kijiwe, au kiwekwe ndani ya kikombe chenye changarawe na kufunikwa kwa wavu, na baada ya wiki moja au mbili kitakuwa kimejishika. Gawa vipande hivyo kwa wafugaji wengine.

Kinachozidi kisirudishwe baharini, hata kama aina yake ipo kwenye miamba yetu. Nchini Venezuela, tumbawe laini la jamii ya Xenia kutoka Indo-Pasifiki, linalodhaniwa kuwa liliachiliwa na wafugaji, limefunika miamba ya pwani na kuyasonga matumbawe ya asili. Mabaki, maji ya mfuko na maji ya kukatia yatiwe jiki, kiasi cha sehemu moja kwa tisa za maji, yakae nusu saa dirisha likiwa wazi, kisha yamwagwe chooni, si kwenye mtaro wa mvua unaoishia ghubani.